Baba, kwa nini wasitengeneze tairi lisilo na upepo?

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, giza halijaisha vizuri, na gari limeinama upande mmoja. Tairi la nyuma kushoto limelala chini kabisa. Baba amepiga magoti, simu yenye tochi ameing'ata kwa meno. Mama anatazama saa. Mdogo analia kwa sababu uji wake umebaki mezani. Binti wa darasa la nne amesimama na begi mgongoni, anautazama msumari uliozama kwenye mpira.

"Baba, kwani ni lazima ndani kuwe na upepo? Si wangeweka kitu kingine kisichotoboka?"

Kwa asubuhi ya namna hiyo jibu la wazazi wengi linajulikana: "Hebu niletee jeki kwanza." Swali linaishia hapo. Gari linaondoka, mtoto anafika shuleni amechelewa, na kesho yake ameshasahau alichouliza.

Si swali la kitoto hata kidogo. Kampuni kubwa za matairi duniani zimelihangaikia kwa zaidi ya miaka 20 na bado hazijalimaliza. Tena tairi la upepo lenyewe liliingia barabarani kwa sababu ya baba mmoja na mwanawe, kwa hiyo mzazi anayetaka kujibu ana hadithi nzuri ya kuanzia.

Baiskeli ya mtoto wa Dunlop

Mwaka 1887, katika mji wa Belfast nchini Ireland, aliishi daktari wa mifugo mzaliwa wa Uskoti aliyeitwa John Boyd Dunlop. Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu ya siku zile yalivishwa mpira mgumu, mzito, usio na uwazi ndani, na barabara nyingi za mjini zilikuwa za mawe yaliyopangwa. Mtoto akikanyaga pedali, mwili mzima ulitikisika.

Dunlop akachukua mpira mwembamba, akaugundisha kuwa bomba, akaufunga kuzunguka gurudumu la mbao na kuujaza upepo kwa pampu. Kisha akafanya jaribio ambalo hata mtoto wa chekechea angelielewa. Alilisukuma gurudumu la baiskeli ya mwanawe uani, likaenda kidogo na kuanguka. Akalisukuma lile la upepo kwa namna ileile, likavuka uwanja mpaka likagonga lango upande wa pili. Mwaka 1888 alipewa hataza, na mwaka 1889 mwendesha baiskeli wa Belfast aitwaye Willie Hume akaanza kushinda mashindano kwa matairi hayo.

Baadaye ikaja kugundulika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kupata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 23, na Dunlop akapoteza haki ya kudai kwamba yeye ndiye wa kwanza. Thomson aliyatengeneza magurudumu yake kwa ajili ya magari ya farasi, kwa ngozi nje na turubai lenye mpira ndani. Yalifanya kazi, lakini hayakupata wateja wa kutosha. Miaka ya 1860 Thomson huyohuyo akaja na magurudumu ya mpira mgumu kwa ajili ya mashine za mvuke za barabarani. Yaani mtu wa kwanza kubuni tairi la upepo ndiye pia aliyerudi kwenye tairi lisilo na upepo. Ubishi huu una umri mrefu kuliko gari lenyewe.

Kwa nini upepo ulishinda? Mtoto anaweza kuelezwa kwa mpira wa miguu. Mpira uliojaa vizuri ukiangushwa sakafuni unadunda, na ukikanyaga kokoto unabonyea mahali pamoja tu, kisha unarudi ulivyokuwa. Upepo ni springi isiyo na uzito, haichakai wala haichoki, na inapatikana bure. Ukitaka tairi gumu zaidi unaongeza upepo, na likiwa gumu mno unapunguza. Hakuna kifaa kingine kwenye gari kinachorekebishwa kirahisi hivyo, na kwa pesa ndogo hivyo.

Ubaya wake ni ule ambao baba aliyepiga magoti anaujua. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliuonja mapema. Mwaka 1895 waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, wakapata pancha moja baada ya nyingine njia nzima. Hawakushinda, ila watu waliona kwamba gari linaweza kwenda kwa upepo, na baada ya miaka michache magari karibu yote yakafuata. Pancha tukazikubali kama sehemu ya safari.

Tairi unaloweza kuona upande wa pili

Kampuni hiyohiyo ya Michelin ndiyo iliyorudi na swali la binti wa darasa la nne. Mwaka 2005 ilionyesha gurudumu iliyolipa jina la Tweel, jina lililounganishwa kutokana na maneno ya Kiingereza ya tairi na gurudumu, kwa sababu vitu hivyo viwili vimekuwa kitu kimoja. Ukilitazama ubavuni, unaona mpaka upande wa pili. Katikati kuna kitovu, nje kuna mkanda wa mpira unaogusa barabara, na kati yake kuna spoki pana za plastiki inayonesa, aina ya poliyurethani. Hakuna mahali pa kujazia upepo, na msumari ukiingia hakuna kinachotoka.

Namna linavyobeba uzito ndiyo sehemu ya kuvutia. Mtu angedhani gari limekalia spoki za chini. Kumbe uzito unaning'inia kwenye spoki za juu, kama mtoto aliyelala kwenye bembea ya kitenge. Spoki za chini zinapofika usawa wa barabara hujikunja tu, zikangoja kupanda tena na kuchukua zamu yao. Jiwe likipita chini, mkanda wa nje unabonyea mahali pale pale, kama vile tairi la upepo lingefanya.

Miongoni mwa vyombo vya kwanza vilivyotajwa kuvishwa Tweel ni iBOT, kiti cha umeme cha watu wenye ulemavu kilichobuniwa Marekani, ambacho kiliweza hata kupanda ngazi. Jambo hilo litarudi hapa chini, maana huenda ndipo kwenye faida kubwa zaidi kwa familia.

Kabla ya hapo mtoto atafurahi kusikia habari za Mwezini. Mwaka 1971, safari ya Apollo 15 ilipeleka gari la kwanza la kuendeshwa na binadamu juu ya Mwezi, na magurudumu yake hayakuwa na upepo wala mpira. Yalifumwa kwa waya wa chuma kama kikapu, na juu yake yakabandikwa vipande vya titani ili yashike mchanga. Sababu ni kwamba Mwezini jua linachoma na kivuli kinagandisha, na hakuna fundi pancha. Hata chombo cha Curiosity kilichotua Mirihi mwaka 2012 kinatembea kwa magurudumu ya alumini. Nayo hayakusalimika. Mawe makali ya huko yameyatoboa matundu, na wanasayansi wa NASA wamelazimika kukichagulia njia kama dereva anayekwepa mashimo baada ya masika. Siku hizi wanajaribu magurudumu ya waya wa nikeli na titani, metali inayoweza kukunjwa sana na bado ikarudi katika umbo lake.

Ahadi ya 2024

Kwa mashine za kazi, tairi lisilo na upepo limeshafika. Mwaka 2014 Michelin ilifungua kiwanda cha Tweel huko Piedmont, jimbo la South Carolina, Marekani. Wateja wake ni wenye mashine ndogo za kuchotea udongo, mashine za kukatia majani na vigari vya mashambani. Kwenye eneo la ujenzi lililojaa nondo na misumari, mashine inayosimama kila siku kwa pancha ni hasara, na mwendo wake hauzidi wa mtu anayekimbia. Huko gurudumu la spoki limepata kwao.

Gari la familia ndilo lililoleta taabu. Mwaka 2019 Michelin na kampuni ya magari ya General Motors zilitangaza gurudumu liitwalo Uptis, lenye spoki zilizoimarishwa kwa nyuzi za kioo, zikisema lengo ni kuliweka kwenye magari ya kawaida kufikia 2024. Hoja yao ilikuwa nzito. Kwa hesabu ya Michelin yenyewe, karibu tairi 1 kati ya 5 hutupwa kabla ya wakati kwa sababu ya pancha au kwa kuendeshwa likiwa na upepo usio sahihi, na kampuni inakadiria hasara hiyo kuwa matairi milioni 200 kwa mwaka duniani. Mwaka 2024 ukapita, na mzazi aliyeingia dukani akitaka Uptis hakulikuta.

Halijaachwa lakini. Mwaka 2023 yalitangazwa majaribio kwenye magari ya kusambaza vifurushi ya DHL nchini Singapore na ya posta ya Ufaransa, La Poste. Japani, kampuni ya Bridgestone, iliyoonyesha tairi lake la spoki tangu 2011, imekuwa ikilijaribu kwenye vigari vya umeme vya abiria vinavyokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Goodyear nayo ilivisha matairi kama hayo kigari cha abiria kisicho na dereva huko Jacksonville, Florida. Ukiyaweka majaribio haya pamoja unaona yanafanana: mwendo wa polepole au wa kiasi, njia zinazojulikana, barabara nzuri, na karakana ya kampuni inayongoja jioni. Hiyo si safari ya familia ya kwenda kijijini Desemba.

Tatizo la kwanza ni joto. Gurudumu la gari dogo lina mzunguko wa karibu mita 2. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kila gurudumu linazunguka karibu mara 14 kwa sekunde, maana yake kila spoki inakunjwa na kunyooka mara 14 kwa sekunde, saa nzima, saa tatu. Mtoto achukue waya laini aukunje na kuukunjua haraka mahali pamoja, kisha aguse pale: atasikia uvuguvugu. Kitu kinachokunjwa hupata joto, na plastiki iliyopata joto hulegea. Kelele nazo zilikuwa balaa. Matoleo ya mwanzo ya Tweel yalitikisika na kuvuma gari lilipopita kilomita 80 kwa saa, ndiyo maana yaliishia kwenye mashine za polepole.

Kisha kuna matope. Uwazi ule mzuri kati ya spoki ni mahali pazuri pa udongo mweusi kuganda na kokoto kukwama. Tope likikauka upande mmoja, gurudumu linapoteza mizani na usukani unatetemeka. Dereva aliyenasa kwenye mchanga huwa anapunguza upepo ili tairi litanuke na kupita. Hapa hana cha kupunguza. Na anayepakia magunia mawili ya mpunga na mashangazi watatu huongeza upepo kidogo kwa ajili ya uzito. Hapa hana cha kuongeza, gurudumu lilishapimiwa mzigo wake kiwandani.

La mwisho ni mfuko. Tairi la kawaida likiisha unabadilisha mpira, ringi inabaki. Tweel likiisha, mara nyingi linaondoka lote. Na fundi aliyekaa chini ya mwembe na kompresa yake na ndoo ya maji hana namna ya kulitengeneza. Fundi huyo ni baba wa watu pia, na karo za shule nyingi zimetoka kwenye zile pancha, ingawa hilo peke yake si sababu ya kukataa kitu kizuri.

Matairi yasiyo na upepo yaliyoko nyumbani tayari

Wakati gari likingoja, nyumba nyingi zinayo tayari. Wilbaro ya gurudumu gumu inayokaa nyuma ya banda la kuku ni mojawapo. Vigari vingi vya kusukumia watoto ni hivyo. Na baiskeli nyingi ndogo za watoto, zile za inchi 12 zinazouzwa zimening'inizwa nje ya maduka, zina matairi ya povu gumu.

Kwa mtoto wa miaka mitatu anayezunguka uani, povu linatosha, na mzazi ana raha ya kutotafuta pampu kila Jumamosi. Ila povu ni jepesi na gumu kwa pamoja, kwa hiyo kwenye sakafu ya vigae au saruji yenye maji linateleza, na likishalika halina kiraka. Mtoto akikua na kuanza kwenda shuleni au dukani kwa baiskeli, kwenye kokoto na mchanga, anunuliwe ya matairi ya upepo na afundishwe kuyabonyeza kwa kidole gumba kabla ya kuondoka. Tairi likibonyea kirahisi, halipandwi.

Kitimwendo ni habari nyingine kabisa, na hapa swali la binti linaacha kuwa la udadisi.

Mtoto anayetumia kitimwendo akipata pancha hapandi bodaboda akaendelea na safari. Anabaki nyumbani. Kama fundi wa karibu hana mpira wa ndani wa saizi ile, atabaki wiki. Kuna viti vilivyotolewa kwa sherehe, picha zikapigwa, kisha baada ya miezi michache vikawa vimekaa pembeni ya nyumba vikianikiwa nguo kwa sababu tu tairi halipatikani. Kwa mtoto kama huyo gurudumu lisilotoboka ni siku za masomo.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Breki ya kawaida ya kitimwendo, ule mkono unaosukumwa ili kiti kisimame, kazi yake ni kulibana tairi. Tairi likipungua upepo, breki inagusa hewa. Mama anafunga breki, anageuka kuchota maji au kufungua geti, na kwenye mteremko kiti kinaanza kuondoka na mtoto. Tairi gumu halina hatari hiyo, kwa kuwa saizi yake haibadiliki. Mwenye tairi la upepo ajizoeze jambo moja kila asubuhi: kufunga breki na kujaribu kukisukuma kiti kabla ya kumkalisha mtoto.

Hivyo, mgumu au wa upepo? Mpira mgumu ni mzito zaidi, na uzito huo anausukuma mtoto kwa mikono yake. Kila kokoto inapanda mpaka mgongoni. Kwa mtoto ambaye hasikii vizuri sehemu za chini za mwili, mtikisiko na msuguano wa kutwa nzima unaweza kumletea kidonda cha makalio bila yeye kujua. Tairi pana la upepo linalainisha yote hayo, na kwenye mchanga au barabara ya udongo linapita kwa nguvu ndogo. Iko pia njia ya katikati: kutoa mpira wa ndani na kuweka mahali pake mpira wa povu uliokatwa kwa saizi ya tairi. Hautoboki, ni mgumu kidogo kuliko upepo, na mpira wa nje unaendelea kubadilishwa kama kawaida.

Kwa mtoto anayeshinda kwenye sakafu na njia za saruji, shule ya karibu, na hakuna fundi jirani, mpira mgumu au povu ni uamuzi wa busara, mradi mto wa kukalia uwe mzuri. Kwa anayesukumwa kilomita moja ya mchanga kila siku, upepo bado unashinda, na hapo kitu cha kuangalia siku ya kupokea kiti ni saizi ya tairi. Kiti kinachotumia tairi la saizi ileile ya baiskeli zinazotembea kijijini kitatengenezwa na fundi baiskeli yeyote. Mzazi asione aibu kuuliza hilo, hata kama kiti ni cha msaada. Na kuziba pancha ya baiskeli si kazi ya mafundi tu. Msasa, gundi, kiraka na pampu ya mkono vinakaa kwenye mfuko mdogo nyuma ya kiti, na kaka au dada wa miaka 12 anaweza kufundishwa mchana mmoja akajua.

Mpaka hapo, upepo uangaliwe

Kwa gari, jibu la kweli kwa binti ni kwamba wanalitengeneza, halijawa tayari, na kwa miaka kadhaa ijayo atapanda gari lenye upepo. Kwa hiyo kilichobaki ni kuutunza upepo huo. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi likiwa la baridi, maana baada ya mwendo joto huongeza kipimo na kumdanganya mtu. Tairi lenye upepo pungufu hupasuka kwa joto likiwa kwenye mwendo mkali, mara nyingi gari likiwa limejaa watu.

Watoto wakae mbali tairi la lori linapojazwa upepo. Wengi hupenda kuchungulia, na ringi ya lori ikifyatuka haimwachi aliye mbele yake. Tairi kuukuu lisitupwe nyuma ya nyumba likajaa maji ya mvua, kwa kuwa mbu wa dengi hutaga humo, na lisichomwe moto, moshi wake ni sumu. Katambuga bado zinatengenezwa, kama kuna anayezihitaji.

Kuna namba moja ya kumwonyesha mtoto. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Wakati mwingine iko upande wa ndani, mpaka mtu ainame. Watengenezaji kadhaa, Michelin wakiwemo, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5, na lisiendelee kutumika baada ya 10, hata kama linaonekana zima na hata kama ni la akiba lililokaa kwenye buti. Kwenye matairi ya mitumba namba hiyo ni muhimu kuliko mng'aro, kwa sababu rangi nyeusi hupakwa.

Jioni ile baba alikwenda kwa fundi kuziba pancha, na binti akaenda naye. Fundi alichomoa msumari kwa koleo, akampa ashike. Wakati wakingoja, binti akainama kwenye tairi la akiba lililowatoa asubuhi, akalifuta vumbi kwa kidole na kusoma namba kwa sauti: moja, nane, moja, moja. Akahesabu kidogo.

"Baba, hili limenizidi umri."

Fundi akacheka. Baba akauliza bei ya tairi jipya.